Kifua Changu na Ndege wa Uwele

Kwanza naomba radhi. Mwandiko wangu umelala upande kama ua lililosukumwa na mbuzi, na najua yapo maneno ambayo sikuyaandika inavyotakiwa. Niliishia darasa la saba, na huko darasani nilikuwa wa mwisho kunakili ubaoni. Mwalimu alikuwa akifuta mimi bado niko juu ya ukurasa. Naandika polepole. Lakini haya nimekaa nayo muda mrefu kichwani, kwa hiyo mnivumilie.

Nilizaliwa na kikohozi. Mama anasema siku za mwanzo nilipumua kwa shida, pua imejaa, na tangu hapo pua yangu haijapata kukauka. Watoto wengine hupata mafua upepo wa mwezi wa sita unapoanza kuvuma, halafu yanawaacha. Yangu hayakuwa na msimu. Masikio nayo yalitoa usaha. Kila asubuhi niliamka na kifua kizito chenye majimaji, na nikivuta pumzi ilisikika kama mtu anayetembea kwenye tope. Mdogo wangu wa kiume, aliyenifuata ziwa, alizaliwa vivyo hivyo.

Kijiji chetu kiko upande wa Bahi. Mwaka wa mvua nyingi mbuga hujaa maji, watu wakapanda mpunga na kuvua kambale. Mwaka wa mvua chache inabaki ardhi nyeupe iliyopasuka. Mashamba yetu sisi yako juu kidogo, kwenye mchanga mwekundu, na tunalima uwele na mtama. Baba alikuwa karani wa chama cha ushirika. Chama kilipokufa, miaka ile watu waliposema sasa kila kitu ruksa, akawa dalali wa mahindi Kibaigwa. Alikuja nyumbani mara chache, na begani ana mfuko wenye sukari, sabuni za kunukia na nguo za mitumba, vitu ambavyo muda mfupi nyuma watu walivipangia foleni tangu alfajiri. Nyumbani tulibaki wanne: mama, bibi mzaa baba, mdogo wangu na mimi.

Nikiwa mdogo nilipewa dawa za kifua kikuu, nikazimaliza, kikohozi kikabaki. Nikapewa tena, nikazimaliza tena. Sikuwa na kifua kikuu, lakini nani angejua. Watu waliokuja kututembelea walikuwa wapole, hawakusema neno, ila niliona jirani akikisogeza kikombe chake mbali na changu. Shuleni nilikaa nyuma karibu na dirisha. Nikajifunza mambo mawili ambayo yalinikaa sana. La kwanza ni kukohoa mdomo umefungwa, kwa tumbo, khanga ikiwa usoni. La pili ni kumeza. Makohozi yakipanda, nayameza, kwa sababu kutema mbele ya watu, tena msichana, tena mbele ya wakubwa, nilikuona ni kama kuvua nguo.

Mdogo wangu hakuwa hivyo. Yeye alikohoa kama mbuzi dume na kutema mbali kuliko wenzake wote, na wenzake walimheshimu kwa hilo.

Tulimpata daktari kwa bahati tu. Mjini Dodoma, kwenye hospitali ambayo mama alinipeleka kwa ajili ya masikio, alikuwepo daktari wa watoto, mama mmoja mnene aliyetoka kwenye nchi za migomba, aliyezoea kuimba kwa sauti ndogo huku akipima. Aliweka mpira wake wa kusikilizia upande wa kushoto wa kifua changu. Akaacha kuimba. Akausogeza, akausogeza tena, mpaka ukafika upande wa kulia, na hapo akatulia sana.

"Mama," akasema, "huyu moyo wake uko upande huu."

Mama alisimama. "Umehama?"

"Haujahama. Amezaliwa nao hivyo. Kaa, mama, hana tatizo kwa huo. Nieleze hiki kikohozi."

Mama akaeleza tangu siku niliyozaliwa. Daktari akataka amwone na mdogo wangu, ambaye alikuwa nje akihesabu magari. Akamsikiliza naye.

"Na mimi wangu uko wapi?" mdogo wangu akauliza.

"Wako uko mahali pake."

Akanitazama kwa wivu, kama vile nimepewa kitu yeye akanyimwa.

Tulipigwa picha za kifua, tukarudi, tukapimwa tena, na safari nyingine zikapita kabla hajatuambia. Alituambia polepole na mimi nilimwelewa. Ndani ya njia ya hewa, tangu puani mpaka ndani ya mapafu, kuna vinywele vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Kazi yake ni kufagia. Vinayumba pamoja kama shamba la uwele likipitiwa na upepo, na makohozi na vumbi vinasukumwa kwenda juu. Kwa sisi wawili vinywele vipo lakini havifagii. Uchafu unabaki chini, unaoza, na kila unapooza unakula kidogo kwenye pafu.

"Ni ugonjwa wa nadra," alisema. "Unatoka kwa wazazi. Baba amebeba nusu, mama umebeba nusu, na ninyi wenyewe hamuumwi. Mtoto akiangukiwa na nusu zote mbili, ndiyo hivi. Wengine moyo unageuka upande, wengine haugeuki. Ugonjwa ni uleule."

Mama alimrudisha kwenye neno moja. "Baba naye amebeba?"

"Sawasawa na wewe."

Kwenye basi la kurudi mama alikuwa na uso mwepesi ambao sikuwa nimeuona siku nyingi. Upande wa baba walikuwa wakisema kifua hiki ni cha ukoo wa mama. Alipofika nyumbani akamweleza bibi yote, kwa adabu, na bibi alikuwa akichambua mboga. Alimalizia fungu lililokuwa mkononi. Kisha akasema, "Kumbe tumepika wote," na hayo maneno ya ukoo hayakusikika tena.

Ugonjwa hauna dawa ya kuumaliza, daktari alisema, una kazi ya kila siku. Dawa za kuua vijidudu tungemeza vikichachamaa. Lakini kazi kubwa ni kutoa makohozi kwa nguvu, kwa kuwa vinywele havitoi. Alimfundisha mama kutulaza kichwa kikiwa chini kuliko kiuno na kutugonga mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe. Mama hakuhitaji kufundishwa mara mbili. Ujana wake wote amepiga ngoma, ile ya wanawake ambayo huibana katikati ya mapaja, na mikono yake ilikuwa inajua. Asubuhi na jioni alitugonga, mdogo wangu kwanza, kisha mimi. Mdogo wangu akigongwa aliimba, sauti ikatikatika, akacheka, akakohoa, akatema kwenye kopo lenye majivu. Mimi niligongwa nikanyamaza. Makohozi yakipanda nilisikia bibi yuko mlangoni, au mgeni yuko uani, nikameza.

"Umetoa?" mama aliuliza.

"Nimetoa."

Na kila tulipokwenda mjini kulikuwa na kipimo. Kilikuwa bomba fupi la plastiki lenye kishale pembeni. Unavuta pumzi ukajaa, unaweka mdomo, unapuliza mara moja kwa nguvu zako zote, na kishale kinakimbia. Kinapoishia ndipo palipo uwezo wa mapafu yako ya kutoa hewa. Mdogo wangu alikunja uso, akarudi nyuma kama mtu anayetaka kuruka mtaro, akapuliza, na mate yakamfikia nesi. Kishale chake kilifika pazuri. Zamu yangu nilisimama mbele ya daktari, nesi na mama, wote wananitazama mdomoni. Nilipuliza.

"Kwa nguvu," daktari alisema.

Nilipuliza tena.

"Dada, hiyo mashine unaibusu," alisema mdogo wangu, na nesi akageukia dirisha ili nisimwone akicheka.

Mwaka hadi mwaka mdogo wangu kishale chake kilipanda, kwa sababu alikuwa anakua. Mimi nilikua, na kishale changu kilisimama, kisha kikaanza kurudi. Mwaka niliomaliza darasa la saba, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, daktari aliweka picha yangu ya kifua kwenye mwanga na kuonyesha chini, upande mmoja, palipokuwa na ukungu.

"Hapa pameharibika," alimwambia mama. "Sitaki pakaharibu na pengine. Mkivuna, mje. Kishale kikiwa kimeshuka tena, nitaandika barua mwende Dar es Salaam, wakate hiki kipande."

Alisema kwa upole sana. Lakini mimi nilisikia neno kukata tu. Nilijiona nimelala mji nisioujua, nimefunguliwa mbavu na watu ambao siwezi hata kuwasalimia kwa sauti wakanisikia. Mama alitikisa kichwa kukubali, na mkono wake ukatafuta wangu chini ya meza. Tuliporudi nyumbani haukupita mlo bila mtu kuniangalia kifua. Maji nilikatazwa kuchota. Jembe nilikatazwa. Kutwanga nilikatazwa, kwa sababu ya vumbi la pumba. Umande, baridi, moshi, vyote nilikatazwa. Nilikaa kibarazani kama yai.

Nisingetoka kibarazani kama si ndege.

Wanaolima kwetu wanajua, lakini kwa wasomaji wa mbali nieleze. Uwele unapoanza kujaza maziwa kwenye punje, wanakuja kweleakwelea. Ni ndege wadogo, mmoja ukimshika hajai kiganja, lakini wanakuja kama wingu na kutua kama wingu, na wakiachwa asubuhi moja kwenye shamba, jioni unavuna mabua. Kwa hiyo tangu uwele unapokamata maziwa mpaka unapokauka, lazima mtu akae shambani kuanzia mapambazuko hadi jua linapozama, kuamia. Anakaa juu ya dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya masuke, ana kombeo na udongo, ana kamba zilizofungwa makopo, na ana sauti yake.

Mwaka ule tulikuwa na kijana wa kutusaidia kuamia. Uwele ulipokamata maziwa akapata habari kuwa Kibaigwa wanatafuta wapakiaji wa malori, akaondoka bila kuaga. Mama alikuwa na madungu mawili na miguu miwili. Mdogo wangu alikuwa shuleni mpaka mchana. Bibi alikuwa haoni mbali.

"Mke mwenza wangu yupo," bibi akasema, maana mimi ndivyo anavyoniita. "Anakaa kibarazani analiwa na macho ya watu."

"Mama, huyu mgonjwa," mama akasema.

"Sijasema alime. Nimesema akae juu. Huko juu na hapa kibarazani tofauti yake nini?"

Mama aliwaza, na ndege hawakumpa muda wa kuwaza sana. Kesho yake alinipandisha dungu la upande wa korongo, mbali na njia, akanivika sweta la mtumba la baba, akanipa ncha za kamba.

"Wewe vuta kamba tu, makopo yalie. Usipige kelele hata kidogo. Utakichosha kifua, na safari ya kwa daktari iko karibu. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Nilivuta kamba. Makopo yalilia, ndege wakaruka. Nilivuta, wakaruka. Jua lilipopanda walikuwa wameshayazoea makopo. Walisogea hatua moja wakatua tena, na wengine wakatua juu ya kamba zenyewe. Niliwaona wakinyonya punje, shingo zinapanda na kushuka, na kila punje ilikuwa ugali wetu. Nikatazama huku na huku. Mama alikuwa mbali upande wa pili, ninaona kitambaa chake cha kichwa tu. Njiani hapakuwa na mtu. Korongoni hapakuwa na mtu.

Nikafungua mdomo. Ilitoka sauti ndogo kama ya mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Ndege mmoja alinitazama.

Nikavuta pumzi yote, nikapiga yowe.

Wingu zima liliinuka. Na mimi nikashikwa na kikohozi ambacho sijawahi kukikohoa, mdomo wazi, nimeinama nimeshika nguzo ya dungu, machozi yananitoka. Makohozi yakapanda. Nikageuka kuangalia nani ananiona, hapakuwa na mtu, nikatema. Nikatema chini kabisa, kwenye mchanga, kutoka juu kule. Nikafukia baadaye kwa jembe, kwa sababu nilikuwa na adabu zangu. Lakini pale nilikaa nikipumua, na pumzi ilikuwa inaingia mahali ambapo zamani haikuingia.

Tangu hapo sikunyamaza. Ndege hawachoki, na mimi sikuchoka. Mwanzo nilipiga yowe tupu, kisha nikaona yowe tupu linachosha akili, nikaanza kusema nao. Niliwaambia mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu. Niliwaita wezi, wala vya wajane, vichwa vyekundu wasiooga. Niliwauliza mama zao wanajua wako wapi. Likija kundi jipya niliwasalimia kwanza, mbukwa zenu, halafu nikawatukana. Na maneno yalipoisha, nikaanza darasa. Miaka saba sikuwahi kunyosha mkono, na majibu yote nilikuwa nayo. Nikayatoa. Saba mara nane hamsini na sita. Mito mikubwa ya Tanzania. Sehemu za ua. Nilisimama kabisa, nimenyosha mkono, nikalijibu shamba zima, na kila jibu ndege waliruka.

Nikikohoa nilitema, nikaendelea.

Jioni nilikuwa mnyenyekevu kama kawaida, naitikia kwa kichwa. Siku moja tukila, bibi akasema, "Huko korongoni kuna mtoto wa nani siku hizi? Nimemsikia mpaka hapa. Anawatukana ndege kwa hesabu."

"Hata mimi namsikia, ng'ambo ya korongo kule," mama akasema. "Sauti kama tarumbeta. Wazazi wake wamebarikiwa."

Mdogo wangu aliangalia ugali wake, mabega yakaanza kucheka. Alikuwa amepita korongoni akitoka shule.

"We unacheka nini?" mama akauliza.

"Sijacheka. Nimepaliwa."

Lakini siri haikukaa. Mama alikuja kunichukua mapema siku mvua ilipotishia, akapita katikati ya mabua nisimwone, na akanikuta nimesimama juu ya dungu, sweta nimelifunga kiunoni, nawafundisha kweleakwelea sehemu za ua. Sikumwona mpaka nilipogeuka kutema. Alikuwa pale chini, mkono juu ya mdomo.

Nilishuka. Nilingoja anigombeze, na alitaka kunigombeza, niliona.

"Nilikwambia nini?"

"Usipige kelele."

"Sasa wakienda kukukata nitasema nini? Nitasema nilimpeleka mwenyewe?"

Tulirudi nyumbani. Usoni alikuwa na hofu, na hofu ya mama yangu humfanya afanye kazi. Akanilaza palepale, kichwa chini, akaanza kunigonga mgongo kabla hata hajavua khanga yenye tope. Aligonga, akasimama. Akagonga upande wa pili, akasimama tena. Akalaza sikio mgongoni kwangu.

"Mama," akamwita bibi, "njoo."

Bibi akaja.

"Gonga hapa."

"Mimi si mpigaji."

"Gonga tu, mama, usikie. Zamani huyu alikuwa analia kama ngoma iliyolowa. Sasa hivi ni kama imeanikwa."

Bibi akagonga kwa vidole viwili, kama anayejaribu chungu sokoni. "Ina mlio," akasema.

Walitazamana juu ya mgongo wangu. Siku iliyofuata mama alinipeleka mwenyewe dunguni, na alipokuwa akiondoka akasema, bila kunitazama, "Ukichoka, kaa." Hakusema tena habari ya kelele. Ila tulipokaribia safari ya mjini aliniketisha akanipa onyo. "Daktari tusimweleze habari za dungu. Atasema mtoto mgonjwa nimemfanya kibarua. Ananiamini yule mama, sitaki aache kuniamini."

Tukavuna. Tukaenda.

Daktari alikuwa amechoka siku ile, watu walikuwa wengi barazani na haimbi. Picha mpya aliitazama akasema ukungu uko palepale, haukupungua wala haukuongezeka. Kisha akanipa bomba. Watu walikuwa walewale, daktari, nesi, mama, mdogo wangu, na macho yaleyale mdomoni mwangu. Nikafanya jambo dogo. Niliyafumba ya kwangu, nikaliona shamba, nikapuliza.

Nesi akasema, "Ee."

Daktari akalichukua bomba, akaliangalia, akalitikisa. Akampa mdogo wangu. Mdogo wangu akapuliza, kishale kikafika karibu na kilipofika safari iliyopita. Akanirudishia mimi. Nikapuliza tena, na kikapita hata pale pa kwanza.

"Mashine ni nzima," daktari akasema. Akamgeukia mama. "Mmefanya nini?"

Mama aliangalia mikono yake. "Tumemgonga mgongo, daktari. Kama ulivyosema."

"Mmemgonga miaka yote. Mmempa dawa gani? Kama ni ya kienyeji niambie tu, sitakasirika."

"Hapana daktari."

Daktari akakaa. Akavuta karatasi, na nikaona ni ile karatasi kubwa anayoandikia hospitali nyingine. "Mimi sipendi kitu nisichokielewa," akasema. "Kishale kinaweza kupanda siku moja kikashuka wiki ijayo, na picha yake ni mbaya. Nadhani tuwaachie wakubwa wa Dar es Salaam wamwangalie. Wakiona hakuna haja, hawatamkata."

Kalamu ikagusa karatasi. Mama hakusema. Nilijua kwa nini hasemi, alikuwa amenifundisha tangu nyumbani na sasa amejifunga mwenyewe. Nilisikia moyo wangu, huko kulia unakokaa, unapiga mpaka kwenye sikio.

"Niliamia ndege," nikasema.

Daktari akainua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka yote hiyo kunisikia nikisema jambo ambalo hajaniuliza.

"Nini?"

"Niliamia ndege. Shambani. Mama alinikataza kupiga kelele, nikapiga. Nikipiga nakohoa, nikikohoa natema. Kila siku mpaka jua linazama."

"Kuamia ndiyo nini?"

Huko kwao kwenye migomba hakuna kweleakwelea. Mama, ambaye sasa hakuwa na cha kuficha, akamweleza, uwele, maziwa, dungu, kijana aliyekimbilia Kibaigwa, yote, na mwisho akasema, "Nisamehe, daktari, sikuwa na mtu."

Daktari hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa ananitazama mimi. "Hapa hospitali unatema?"

"Hapana."

"Nyumbani, ukigongwa?"

Nikatikisa kichwa.

"Unafanyaje?"

"Nameza."

"Na bomba langu hili, safari zote, ulikuwa unapuliza kwa nguvu zako zote?"

Nilifikiri. "Nilikuwa napuliza kwa heshima," nikasema.

Nesi akatoka nje kabisa. Daktari akaweka kalamu chini, akavua miwani, akajifuta macho, na nilidhani amekasirika mpaka nilipoona tumbo lake linatikisika. "Jamani," akasema. "Sasa mimi miaka yote hii nimekuwa nikipima mapafu au nikipima aibu?" Nafikiri mpaka leo hakuna anayejua ni kiasi gani cha kile na kiasi gani cha hiki.

"Onyesha," akasema.

"Nionyeshe nini?"

"Hiyo kelele. Kama uko shambani."

Niliangalia mlango. Barazani kulikuwa na watu wamekaa kwenye mabenchi, wababa wa ofisini na tai zao, wamama wenye watoto, wanafunzi. Mdogo wangu akaninong'oneza, "Dada, wale ni ndege tu."

Nikavuta pumzi. Nikapiga yowe la asubuhi, lile la kundi la kwanza. Mtoto mmoja barazani akaanza kulia, benchi likaanguka, na mzee wa lango akaja mbio kuuliza nani amekufa. Kikohozi kikanishika, mdomo wazi, mbele yao wote, na daktari akaniletea bakuli mwenyewe, akalishika kwa mikono miwili kama mtu anayenawisha mgeni. Nikatema. Hakugeuza uso.

"Ndiyo hii," akasema. "Ndiyo hii niliyokuwa nakuomba tangu una miaka mitano."

Ile karatasi aliikunja akaitia mfukoni. Alisema hatanipeleka, tutangoja mwaka mmoja tuone, na kwamba palipoharibika hapatapona, lakini panaweza pasiendelee. Mama akamwuliza, sasa uwele umevunwa na ndege wameondoka, nitampigia nani kelele? Daktari akasema nipige kokote, ila nisinyamaze.

Sasa imepita miaka, na sijakatwa. Kishale changu hakijafika cha watu wazima wengine wala hakitafika, na kila mwaka iko miezi ambayo nameza dawa na kulala. Sitaki mtu asome hapa akadhani nimepona. Lakini nachota maji mwenyewe, nalima, na asubuhi kabla ya kazi napita korongoni nikakisafisha kifua. Majirani wamezoea. Msimu wa uwele wananiita kwenye mashamba yao, na ninachagua dungu ninalotaka. Mdogo wangu yuko Kibaigwa na baba, na kule anaita bei kwa sauti ambayo madalali wenzake wanaionea wivu. Kwa watu bado sisemi sana. Nimeacha kujilaumu kwa hilo.

Daktari aliniambia kwamba watoto kama sisi wapo na wengine, waliotawanyika, na wengi wanahesabiwa ni wa kifua kikuu au wa pumu. Basi kama unaye mtoto aliyezaliwa na kikohozi kisichokauka, pua inatoka mwaka mzima, masikio yanamsumbua, au umewahi kuambiwa moyo wake uko kulia, naomba uniandikie. Niambie anaishi nchi gani, ya milima au ya ziwa, na ni kazi gani au mchezo gani wa huko unaomfanya atoe pumzi yake yote. Kama huna mtoto wa namna hiyo, andika hivyo hivyo unieleze umeyaonaje haya. Nitajibu kila barua, ingawa mtangoja kidogo.